Kipandio cha Upande wa Kulia

Baba alichukua tupa akakikata kipandio.

Hakuniuliza. Aliishika ile injini kwa mkono wa kushoto, ndogo kama kipande cha sabuni, akaigeuza chali, akaanza kusugua pale ambapo mimi nilihangaika mpaka nikapata kipandio kinachotoka kwenye kalibu bila kuvunjika. Alisugua taratibu, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo. Kipandio kikadondoka juu ya gazeti, kipande cha bati kisichozidi ukucha wa mtoto. Baba akapuliza unga wa madini, akapapasa kwa kidole gumba, akapatazama alipopasawazisha kama mtu anayejitazama kidevu baada ya kunyoa.

"Huku hakikuwepo," alisema.

Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Nilikuwa nimeikalia kweli, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni. Ndivyo nilivyoagizwa na mwenye duka.

Huyo mwenye duka tulimwita Miwani, kwa kuwa alikuwa na moja machoni na nyingine juu ya upara, na bado alikuwa akitafuta ya tatu. Aliuza treni ndogo za kuunga mwenyewe. Wateja wake walikuwa watu wazima wenye vitambi na wajukuu, wanaojifungia chumbani siku ya mapumziko wakigandisha magurudumu kwenye behewa lisiloweza kubeba hata panya. Sikuwacheka. Mimi niliacha shule nikiwa bado navaa kaptula, nikakulia kwenye karakana ya kulehemu, nikiziba masufuria na kuunga magrili ya madirisha. Mtu anayekaa kimya na kipande cha chuma namwelewa kuliko anayekaa kimya na kitabu.

Siku moja nilimpelekea Miwani kibehewa nilichokitengeneza kwa mabaki ya bati. Alikigeuza, akashusha miwani ya juu, akapandisha ya chini.

"Treni za reli pana kila mtu anatengeneza," alisema. "Viwandani zinatoka kama biskuti. Mimi niletee reli nyembamba. Vile vijitreni vya machimboni na mashambani, vinavyopita uani kwa watu. Hivyo ndivyo wateja wangu wanavyovililia, na hakuna anayevitengeneza."

"Navijua," nilimwambia. "Nimelelewa na kimoja."

Haikuwa majigambo. Baba alikuwa dereva wa reli nyembamba, ile iliyotoa mawe machimboni na kuyapeleka stesheni kubwa. Reli zenyewe zilikaribiana hivi kwamba mtoto aliweza kusimama mguu mmoja huku na mwingine kule, na sisi watoto tulisimama hivyo kila siku mpaka tukafukuzwa. Injini ilikuwa fupi, nene, bomba la moshi refu kupita kiasi, kama mtu mfupi aliyeazima kofia ya mtu mrefu. Reli iling'olewa zamani. Injini ilikatwa ikauzwa kwa kilo. Kilichobaki ni baba, na baba naye alikuwa amebaki kidogo tu.

Nikaamua boksi langu la kwanza la vipande vya kuunga liwe injini ile.

Kutengeneza boksi la kuunga si sawa na kutengeneza kitu chenyewe. Kitu chenyewe ukikosea unapiga nyundo, unapaka rangi, yanaisha. Boksi linaunganishwa na mtu usiyemjua, mezani kwake, wewe haupo. Kila kipande lazima kijue kinakokwenda. Nilichonga mfano wa shaba, nikaufanya mkubwa kidogo kuliko inavyotakiwa kwa sababu bati likipoa hunywea, nikatengeneza kalibu za mpira, nikamimina, nikavunja, nikamimina tena. Mke wangu alisema nyumba imeanza kunuka kama betri. Nilichora karatasi ya maelekezo mwenyewe, michoro mitupu, maneno machache, maana maneno si fani yangu.

"Sasa lijaribu," Miwani aliniambia. "Mtafute mtu asiyewahi kuliona. Mpe boksi, kaa mbele yake, funga mdomo. Akikwama usimwelekeze. Akikosea usimshike mkono. Anayenunua boksi hakununui na wewe ukamsaidie kwake."

"Na nikishindwa kunyamaza?"

"Kalia mikono, bwana. Wewe ni fundi. Mikono ikitulia na mdomo utatulia."

Nikampelekea baba. Nilijiambia ni kwa sababu yeye ndiye dereva wa mwisho wa injini ile. Ukweli ni kwamba nilitaka aone. Mtu anaweza kufikisha umri wa mvi bado anataka baba yake atazame kitu alichokishika na kusema, hii umeiweza.

Picha niliyoitumia ilikuwa moja tu, ile iliyotundikwa sebuleni kwao tangu nikiwa mdogo. Injini imesimama, imepigwa picha upande wa kushoto. Baba ametoa kichwa dirishani, amekunja uso kama waziri. Chini yake, amesimama kwenye kipandio kwa mguu mmoja, mguu mwingine unaning'inia hewani, koleo la makaa begani, anacheka mpaka macho yamefumba, ni mjomba wangu. Mtia makaa wake. Kaka wa pekee wa mama.

Upande wa kulia haukupigwa picha na mtu yeyote. Nikafanya anavyofanya kila fundi ambaye hajaona upande wa pili: nilichukua wa kushoto nikaugeuza. Kipandio huku, kipandio kule.

Sasa niseme habari za mjomba.

Yeye ndiye aliyekuwa akinisomesha. Baba hakuona maana ya shule. Mjomba aliiona, pengine kwa kuwa yeye aliikosa. Alikuja kwetu jioni na masizi shingoni, ananishika sikio, "Mpwa wangu, leo umeokota nini huko?" Nisipokuwa na jibu aliligeuza sikio kama anafungua bomba. Mama alimpikia, akamfokea kwa kukanyaga sakafu na viatu vile, akamwongezea sahani kabla hajaomba. Baba akamwambia, "Shemeji, utanimalizia dada yako kwa kupika." Walikuwa wakicheka pale. Nakumbuka kicheko kuliko nyuso.

Kwenye njia panda ya reli, kabla ya stesheni, mtia makaa alipaswa kushuka injini ikiwa bado inatambaa, akimbie mbele, auvute mtaimbo wa kubadilisha reli, kisha arukie tena. Mtaimbo ulikuwa upande wa kulia. Mjomba alishuka pale kila siku ya kazi. Siku ile alishuka, akaenda chini ya magurudumu.

Kukawa na baraza la uchunguzi. Baba alivaa koti lake la sare akaenda. Alirudi, akakaa kitandani na viatu, mama akamuuliza wamesemaje. Akasema wamesema alikuwa amelewa. Mama akauliza ni nani aliyewaambia alikuwa amelewa. Baba akasema yeye mwenyewe aliisikia harufu, na mtu akiulizwa na baraza hawezi kudanganya.

Basi. Reli haikutoa chochote, kwa kuwa mlevi amejiua mwenyewe. Mazishini watu walikuja wachache, wakasimama mbali mbali kama wanaosubiri mvua ipite. Waliokuja walimpa mkono baba. Pole, dereva. Pole kwa mkosi. Pole kwa kusumbuliwa na baraza. Mama alikaa pembeni na kanga yake imefunika mdomo, na sikuona mtu aliyeinama kumwambia neno. Unampaje pole dada wa mlevi aliyetaka kumfukuzisha kazi mumewe?

Mimi muhula uliofuata nikapelekwa karakana.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili: mama alimwomba baba radhi. Nilimsikia jikoni, nikiwa na ndoo mkononi mlangoni. "Nisamehe, mume wangu, kwa aibu aliyokuletea ndugu yangu." Na baba akasema, "Yamepita, mama." Akamsamehe. Na haikuwa mara moja. Miaka kwa miaka, kila baba alipokuwa na hasira, kila alipolalamika mgongo, kila reli ilipopunguza watu na yeye akaogopa, mama alilipokea kama deni la ukoo wake. Jina la kaka yake aliacha kulitaja. Akilazimika alisema "yule marehemu," kama anayemsemea jirani. Ile picha aliipangusa vumbi kila Ijumaa bila kuitazama.

Na baba alikuwa na sentensi yake moja aliyoipenda, aliwaambia wageni, aliniambia mimi, aliiambia redio: "Mimi injini mbovu sitoi." Alieleza jinsi dereva anavyoizunguka injini asubuhi na nyundo ndogo, anagonga hapa, anagonga pale, na kama kuna kilicholegea au kukatika, injini haitoki. Hata mkubwa wa karakana apige magoti. Tulikuwa tunaijua sentensi ile kama watoto wengine wanavyojua wimbo.

Kwa hiyo alipokata kipandio, akasema huku hakikuwepo, nilielewa maneno yote kasoro maana yake. Kisha maana nayo ikafika.

"Hakikuwepo tangu lini?" nikauliza. Sheria ya Miwani ikawa imevunjika.

Baba hakuinua kichwa. Alikuwa amenogewa. Hiyo ndiyo iliyomponza. Macho yake yalikuwa ya dereva, na macho ya dereva hayakuweza kuiacha injini yake ikae mezani na kitu ambacho haikuwa nacho.

"Kilikatika. Jiwe lilikigonga kule machimboni, kikaning'inia, tukaking'oa. Karakana wakasema watakuja kulehemu, leo, kesho, wakatuzungusha. Tukazoea. Mtu alikuwa anashikilia nguzo pale, anaruka tu, hivi."

Akanionyesha. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilitembea juu ya gazeti mpaka ukingoni mwa meza, vikaruka.

Vikabaki hewani.

Niliviona na yeye akaviona. Vilikuwa vimening'inia pale, miguu miwili bila kitu chini. Akavirudisha mezani polepole, akavifunika kwa kiganja cha mkono wa pili, kama mtu anayeficha kidonda.

"Kilikatika kabla ya mjomba?" nikamuuliza.

"Nipe gundi."

"Baba. Kabla ya mjomba?"

"Nimesema nipe gundi. Hii itakauka vibaya."

Nikampa gundi. Sijui kwa nini, lakini nilimpa. Alibandika bomba la moshi, akalinyoosha kwa kulikodolea jicho moja, akabandika paa. Kazi yake ilikuwa safi. Boksi lilikuwa limefaulu. Mzee mwenye mkono unaotetemeka alilimaliza bila kuuliza swali hata moja. Nilikaa nikamtazama akijenga, na nikamwona yule mtu aliyeizunguka injini asubuhi ile na nyundo yake, akafika upande wa kulia, akaona, akapita.

Mama akaingia na chai.

Aliweka sinia, akajifuta mikono, akainama. Kwa miaka yote niliyohangaika na injini ile hakuwahi kuuliza chochote kuihusu. Sasa aliinyanyua kwa vidole vyake vyenye unga, akaigeuza huku na huku.

"Ndiyo yenyewe," alisema taratibu. "Mpaka hiyo taa iliyopinda." Akaigeuza tena. "Mbona huku hakuna cha kukanyagia? Kule kipo, huku hakipo."

Nilimtazama baba.

Nilirudisha mikono chini ya mapaja. Nilimwachia nafasi. Namshukuru Miwani kwa hilo moja, alinifundisha kunyamaza ili mtu mwingine aonyeshe anachokijua. Hakukuwa na baraza pale, hakukuwa na kazi ya kupoteza, wala mkubwa wa karakana. Kulikuwa na mzee, mkewe, mwanawe, na chai. Alihitaji maneno matatu tu, hata kwa kunong'ona.

Baba akacheka kidogo puani.

"Mwanao kasahau kukiweka," alisema. "Mafundi wa siku hizi hao."

Nilihisi nimeisikia sentensi hiyo zamani. Aliyebadilika ni mtu wa kubebeshwa tu.

"Sijasahau, Mama," nilisema. "Kipo hapo kwenye gazeti. Kimekatwa sasa hivi."

"Na nani?"

"Muulize aliyekikata."

Mama akakiona. Akakiokota, kikamshinda mara ya kwanza kwa udogo, akakipata kwa kulowesha kidole. Akakiweka mahali pake kwenye injini, akakiondoa. Akakiweka, akakiondoa. Hakuna aliyemweleza kitu. Alikuwa mke wa mtu wa reli na dada wa mtu wa reli; alijua mtaimbo wa njia panda ulikuwa upande gani.

"Alishukia huku," alisema.

Baba alikuwa akikoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Mzee. Ile harufu. Uliisikia kweli?"

"Yalikuwa mambo ya kazi yale," baba alisema. "Wewe huwezi kuelewa. Wangenifukuza. Hawa watoto wangekula nini?"

"Nimekuomba radhi," mama alisema. Hakupaza sauti. "Miaka yote hii. Nimepiga magoti sakafuni pale nikakuomba radhi."

Baba akainua macho, na nakumbuka aliudhika, kama mtu aliyedaiwa kitu asichokiazima.

"Mimi nilikuambia uniombe?"

Mama akasimama. Akachukua kikombe cha baba, kimejaa, akakirudisha kwenye sinia, akaondoka nacho jikoni. Tulisikia chai ikimwagwa kwenye sinki. Kisha maji yakifunguliwa, na hayakufungwa kwa muda mrefu.

Baba aliishi miaka kadhaa baada ya siku ile. Watu hupenda kusikia kwamba kuna aliyehama, au aliyelia, au waliokumbatiana hospitali. Hakuna. Walilala chumba kilekile. Mama alipika, akapakua, akafua. Jambo moja tu lilibadilika: alianza kulitaja jina la kaka yake. Alilitaja mezani, katikati ya mambo madogo. Fulani alipenda ukoko. Fulani angecheka angesikia hilo. Leo upepo kama ule wa siku Fulani aliponunua kofia. Baba alikula ameinamisha kichwa, na mama aliongea kwa utulivu kabisa, mpaka sahani ziishe. Sijawahi kuona adhabu ya namna ile, wala sijui kama ilimwingia. Alikufa bila kusema lile neno. Nilikaa kando ya kitanda chake nikilisubiri. Aliniuliza kama boksi linauzika.

Lilikuwa linauzika. Miwani alilichukua, akalisifu, kisha akaanza kunipigia simu.

"Wateja wanalalamika. Upande wa kulia kipandio hakuna."

"Haina kipandio."

"Bwana wewe, kushoto kipo! Watu wanadhani kimeanguka kwenye boksi. Kitu chenyewe kidogo kama mba. Weka tu, nani atajua?"

"Haikuwa nacho."

"Una picha?"

"Sina."

"Sasa kama huna picha unabishana na nani?"

Nikamwambia kama kipandio kinamnyima usingizi auze reli pana. Alinikatia simu, na kwa muda mrefu hakunichukulia mzigo. Nikaendelea peleka peleka mwenyewe, maboksi machache, nikauza pale pale karakana. Mama alipobaki mjane nilimhamishia kwangu, akasema hawezi kukaa bure kama chungu, nikampa meza karibu na dirisha la karakana. Kazi yake ikawa kufungasha: fremu, magurudumu, bomba, paa, kila kundi kwenye mfuko wake, na karatasi ya michoro juu. Anafanya polepole, na hajawahi kukosea.

Majuzi akaingia kijana mmoja mwenye suruali ya ofisini, ameshika boksi kwapani. Alisalimia vizuri. Akamwendea mama kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Shikamoo, bibi. Samahani, nimeiunga injini yenu, ni nzuri sana, ila mmesahau kipande. Kipandio cha upande wa kulia."

Nilizima moto wa kulehemu nije nimjibu. Nilikuwa na majibu mengi, yote makavu.

"Marahaba. Hatukusahau," mama alisema, mikono yake ikiendelea. "Upande huo kilikatika, hawakukirudisha. Kaka yangu ndiye alikuwa mtia makaa. Akashuka hapo."

Yule kijana akatazama boksi lake, akamtazama mama. Sidhani alielewa nusu.

"Hakuwa mlevi," mama aliongeza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Pole sana, bibi," kijana akasema.

Mikono ya mama ikasimama. Alikuwa ameshika mfuko wa magurudumu ambao haujafungwa. Alimtazama yule mtu asiyemjua, akamtazama sana, mpaka kijana akaanza kuona haya.

"Ahsante, mwanangu," alisema. Kisha akafunga ule mfuko, akaulaza kwenye boksi mahali pake, akavuta boksi lingine.